Rada iliyorudi kama madawati

Ukitoka Songea kwenda Mbinga unapita Kigonsera, mahali penye misheni ya zamani na shule iliyotoa watu wengi. Marehemu Rais Benjamin Mkapa alisoma seminari ya pale akiwa kijana, kabla hajaenda Pugu. Nilipita huko hivi karibuni, na mwalimu mmoja mstaafu akanitaka nimweleze kama ile rada iliyonunuliwa wakati wa Mkapa ingeweza kuona ndege ikikatiza juu ya Kigonsera.

Jibu ni hapana. Toka Dar es Salaam mpaka Kigonsera ni zaidi ya kilomita 600 kwa mwendo wa ndege, na mtambo ule haukuwa na macho ya kufika huko.

Kwa vijana ambao hawaikumbuki habari hii, ni hivi. Desemba 2001 serikali ya Uingereza iliipa kampuni ya BAE Systems kibali cha kutuuzia rada ya kuongozea ndege za kiraia na za kijeshi. Bei ilikuwa pauni milioni 28, yaani karibu dola milioni 40. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno. Ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza kwenyewe Bi. Clare Short, waziri wa misaada, alipinga, lakini Waziri Mkuu Tony Blair akaruhusu. Kumbuka kwamba mwezi mmoja tu kabla ya hapo tulikuwa tumepata msamaha wa madeni kwa sababu ya umaskini wetu, na ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka huo huo. Watoto walimiminika madarasani, wengi wao wakaketi sakafuni.

Sisemi kwamba nchi maskini haihitaji ulinzi. Watu wa Ruvuma ndio wa mwisho kuambiwa hivyo. Walikaa mlangoni mwa vita vya ukombozi wa Msumbiji, na mwaka 1978 taifa zima liliona jinsi Idi Amin alivyoingia Kagera. Hata leo, ukishuka kutoka milima ya Mbinga mpaka Mbamba Bay, unakuta ziwa ambalo mpaka wake bado una ubishi. Malawi inashika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, unaoweka mpaka ufukweni kwetu; sisi tunasema mpaka uko katikati ya maji. Mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa vibali vya kutafuta mafuta ziwani, mambo yalipamba moto mpaka yakapelekwa kwa wasuluhishi. Mvuvi wa Liuli ana haki ya kujua nani anamlinda. Lakini kinachomfaa yeye ni boti ya doria na mazungumzo ya kidiplomasia, wala si mtambo uliosimikwa Dar es Salaam.

Sasa tuitazame hiyo bei. Mjini tumezoea kusikia habari za asilimia kumi. Hapa, mahakama ya London ilielezwa Desemba 2010 kwamba zaidi ya dola milioni 12, asilimia 31 ya thamani ya mkataba, zilikwenda kwa kampuni za mtu wa kati. Nani alizipokea baada yake, mahakama haikuambiwa. BAE haikukiri rushwa. Ilikiri kutoweka vizuri hesabu zake, ikatozwa faini ya pauni 500,000, na ikaahidi kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5. Makubaliano ya kuzitoa yalitiwa saini mwaka 2012, na fedha zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Yaani muuzaji alirudisha fedha zaidi ya bei aliyouzia, na mtambo tukabaki nao! Lakini mtoto aliyeketi sakafuni mwaka 2002 alikuwa amekwisha kumaliza darasa la saba.

Kila mwaka Bunge hupitisha Fungu 57 la Wizara ya Ulinzi, Fungu 38 la Ngome na Fungu 39 la JKT. Mengine hayasemwi, kwa sababu za usalama. Nakubali kwamba uwezo wa silaha na mahali ilipo ni siri halali. Bei je? Na jina la dalali? Adui akijua tumelipa shilingi ngapi hapati njia ya kuvuka mpaka. Siri ya namna hiyo haimlindi askari wetu, inamlinda dalali.

Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliingia mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa kwa rada nne za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Gharama yake ilikuwa shilingi bilioni 67.3, ambazo kwa wakati ule zilikuwa kama dola milioni 30. Ni kweli mitambo hii si ya aina moja na ile ya zamani, na teknolojia hushuka bei. Lakini ni minne kwa mmoja, na kwa fedha pungufu. Bei ilitangazwa, muuzaji akatajwa, vituo vikatajwa, na sijasikia adui aliyetuvamia kwa kuyajua hayo.