Chumba, Mkataba na Zamu ya Sauna: Utangulizi wa Makazi ya Wanafunzi Ufini

Makazi ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ufini yanachunguzwa na wachumi, wanahistoria wa majengo, wataalamu wa sera za jamii na wanaanthropolojia, na mara nyingi kila mmoja hushughulikia upande wake bila kumpigia hodi mwenzake. Wewe unayeanza leo, karibu. Milango ya kuingilia ni mingi, ila mimi nitakupitisha mmoja: mkataba wa upangaji.

Aliyezoea hosteli za Dar es Salaam au Nairobi akifika Helsinki huulizia ofisi ya chuo inayogawa vyumba. Atazunguka sana. Makazi hayamo mikononi mwa chuo. Hakuna mlezi wa bweni wala daftari la wageni getini. Kuna mwenye nyumba na mpangaji, basi. Mwenye nyumba mara nyingi ni wakfu usiotafuta faida, au umoja wa wanafunzi wenyewe. Mpangaji ni kijana wa miaka 19 au 20 aliyetia saini kwa mkono wake na atakayedaiwa yeye, si baba yake, kodi ikichelewa. Takwimu za Eurostat zinaonyesha kwamba vijana wa Ufini huondoka kwa wazazi wakiwa na miaka 21 hivi, ilhali wastani wa Umoja wa Ulaya ni kama 26.

Mambo hayakuanza hivyo kwa bahati. Vita na Wasovieti viliinyang'anya Ufini sehemu kubwa ya Karelia, na watu zaidi ya 400,000 wakahamia katika nchi iliyobaki. Nyumba zilikuwa haba kwa kila mtu, sembuse mwanafunzi aliyetoka kijijini na sanduku moja. Umoja wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki ukajijengea Domus Academica katika miaka ya 1940. Wanafunzi wa uhandisi wakaanzisha kijiji chao Otaniemi, magharibi mwa jiji; kwenye Olimpiki za Helsinki za 1952 ndiko walikolala wanamichezo wa Kisovieti na wenzao wa Ulaya Mashariki. Kisha watoto waliozaliwa kwa wingi baada ya vita wakafika umri wa chuo, vyuo vipya vikafunguliwa mikoani, na mzigo ukawashinda wanafunzi peke yao. Ndipo zikaundwa wakfu za makazi: TYS mjini Turku mwaka 1966, HOAS Helsinki mwaka 1969, na nyingine baadaye, zikijenga kwa mikopo nafuu iliyotegemezwa na serikali. Leo HOAS ina wakazi zaidi ya 15,000.

Hati ninayowapa wanafunzi wangu kwanza ni ramani ya nyumba ya miaka ya 1970, ya aina iitwayo soluasunto. Kuna ukumbi mwembamba, vyumba vitatu au vinne vyenye kufuli, jiko moja, bafu moja. Kila mkazi ana mkataba wa chumba chake tu. Kwa hiyo watu wanne wasio ndugu, wanaopikia jiko moja, huhesabiwa kaya nne na Kela, shirika la umma linalotoa posho za wanafunzi. Friji linathibitisha hesabu hiyo: rafu moja kila mtu, na katoni ya maziwa yenye jina kwa kalamu ya wino mzito. Juu ya sinki lipo kabati lisilo na sakafu, lenye rafu za waya. Sahani zilizooshwa huwekwa humo zikiwa bado zinachuruzika, mlango ukafungwa. Mtaalamu wa kazi za nyumbani Maiju Gebhard alilieneza katika miaka ya 1940 ili kuwapunguzia akina mama kazi ya kufuta vyombo, na leo ni nadra kuona jiko la Kifini lisilokuwa nalo. Limemaliza kazi ya kufuta. Ugomvi wa nani aoshe sufuria iliyoganda uji, huo bado uko sinkini.

Nje ya mlango, maisha huenda kwa zamu. Mashine ya kufulia huwekewa nafasi, sauna nayo ina saa yake, na kuanzia saa nne usiku ni kimya. Chumba chenyewe mara nyingi hukabidhiwa kitupu: hakuna kitanda, pengine hata taa hakuna. Mgeni aliyetua usiku wa Agosti bila godoro huujua mkataba wake vizuri kabla hajausoma.

Mjadala mkali zaidi uwanjani unahusu upweke. Wanafunzi wengi sasa wanataka chumba chenye jiko lake, na wakfu zinajenga hivyo. Mwaka 2017 wanafunzi walihamishiwa kwenye posho ya jumla ya makazi, na kwa kuwa ilirahisisha kukodi chumba cha peke yako, wakosoaji wakasema serikali inawalipa vijana wajifungie peke yao. Agosti 2025 wakarudishwa kwenye nyongeza ya makazi iliyomo ndani ya msaada wa masomo. Hoja ya wakosoaji ina uzito, lakini inanitia shaka. Jiko la pamoja huwakutanisha watu, haliwafanyi marafiki. Nadhani kamati za wapangaji na ile sauna ya zamu zimefanya kazi kubwa kuliko jiko lolote la pamoja, ila zinaandikwa kidogo kwa kuwa hazina takwimu.

Kwa takwimu zilizopo, anza na uchunguzi wa EUROSTUDENT, unaolinganisha maisha ya wanafunzi wa nchi nyingi za Ulaya. Halafu tafuta ramani za Otaniemi na kijiji cha wanafunzi cha Turku, uziweke kando ya miongozo ya Kela ya mwaka uleule. Kinachokosekana zaidi ni sauti ya mwanafunzi wa kigeni anayepanga kwa mara ya kwanza maishani, na kwa kazi hiyo msomaji anayejua Kiswahili na aliyewahi kulala hosteli anahitajika sana.