RAM Mbovu au RAM Zisizopatana? Jinsi ya Kutambua Kabla ya Kurudi Dukani

Kompyuta ya michezo iliyoundwa nyumbani ni mali ya aina ya pekee. Haikununuliwa ikiwa kamili, wala haina dhamana moja inayoifunika yote. Kila kifaa kilichomo kina muuzaji wake, risiti yake na muda wake wa dhamana. Ubao mama, ambao mafundi wengi huuita mazabodi, umetoka duka moja la Kariakoo. Prosesa imetoka duka la pili. Kadi ya picha imenunuliwa kwa mtu aliyekwisha kuitumia, na RAM imepatikana kwa mafungu mawili, moja mwezi Januari na jingine mwezi Juni, fedha zilipopatikana tena. Mashine ya namna hiyo inapoanza kuzimika katikati ya mchezo, swali linalozuka si la ufundi peke yake. Ni swali la nani anayewajibika. Kila muuzaji atamnyooshea kidole mwenzake, na mlaji asiye na ushahidi huishia kununua kifaa kipya ilhali kile cha zamani hakikuwa na kosa lolote.

Makala haya yanahusu RAM kwa sababu dalili za ubovu wake hufanana mno na za vifaa vingine, na pia kwa sababu ni mojawapo ya vifaa vichache ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvipima mwenyewe. Gharama yake ni flashi moja, uvumilivu, na usiku mmoja wenye umeme wa uhakika.

RAM ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Mchezo unapoendeshwa, data inayohitajika haraka hutolewa kwenye diski na kuwekwa humo. Umeme ukikatika, yote yaliyomo hupotea. Kipande kikiwa na hitilafu, huenda tarakimu moja tu kati ya mabilioni ikahifadhiwa kuwa sifuri na kusomwa kuwa moja. Ikiangukia kwenye rangi ya nukta moja ya picha, hakuna atakayeona. Ikiangukia kwenye amri ya mfumo endeshi, kompyuta yote husimama. Ndiyo maana ugonjwa huu hauna ratiba: leo saa tano bila tatizo, kesho dakika kumi tu.

Dalili zinazojulikana ni skrini ya buluu yenye maandishi kama MEMORY_MANAGEMENT au IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, mchezo kujifunga bila kutoa ujumbe wowote, na mafaili ya mchezo kuonekana yameharibika kila yanapokaguliwa hata baada ya kupakuliwa upya. Nyakati nyingine kompyuta haiwaki kabisa: feni zinazunguka, kioo ni cheusi, na taa ndogo iliyoandikwa DRAM kwenye ubao mama inabaki imewaka. Hata hivyo, mlaji asitoe hukumu kwa dalili peke yake. Joto lililozidi na pawasaplai dhaifu huweza kuleta mambo hayo hayo.

Kutopatana si ubovu

RAM inaweza kuwa nzima kabisa na bado isifanye kazi katika mashine yako. Tofauti hii ni muhimu kwa mlaji, kwa kuwa madai ya kuuziwa kitu kibovu hayafanani na madai ya kuuziwa kitu kisichofaa, na yote mawili hayafanani na kosa la mnunuzi mwenyewe.

Kutopatana kwa wazi ni kule kwa vizazi. DDR3 ina pini 240. DDR4 na DDR5 zina pini 288 kila moja, lakini pengo dogo lililo kwenye ukingo wa kipande limewekwa mahali tofauti makusudi, ili kimoja kisiingie katika sloti ya kingine. Hata umeme wake hautofautiani kwa bahati: volti 1.5 kwa DDR3 ya kawaida, 1.2 kwa DDR4 na 1.1 kwa DDR5. Kipande kikikataa kuingia, kisilazimishwe. RAM za kompyuta mpakato ni fupi na haziwezi kukosewa kwa urahisi.

Kinachowaponza wengi ni RAM za seva. Hizi huondolewa kwenye mashine kubwa za makampuni na kuuzwa kwa bei ya kuvutia. Kwa upande wa DDR4, kipande cha seva kina urefu ule ule na pengo mahali pale pale, hivyo kinaingia bila shida, lakini ubao mama wa kawaida wa nyumbani hautawaka nacho. Soma lebo kabla ya kulipa. Mahali palipoandikwa mfano PC4-2400T na kufuatiwa na herufi R, hicho ni cha seva. Herufi U ni ya kompyuta ya mezani, na S ni ya kompyuta mpakato. Si kila kampuni huchapa maandishi hayo kwenye RAM za michezo, lakini yakiwapo hayana utata. Muuzaji anayekuambia kwamba herufi hiyo haina maana ama hajui anachouza ama anajua mno.

Upo pia mkanganyiko wa kasi, ambao huleta malalamiko mengi yasiyo na msingi. Mtu hununua RAM iliyoandikwa 3200, akafungua programu ya CPU-Z na kuona takribani 1600, akaamini ameibiwa. Hakuibiwa. RAM za aina ya DDR husafirisha data mara mbili katika kila mzunguko, na programu hiyo huonyesha mizunguko. Akiona takribani 1066 au 1200, bado hajaibiwa: RAM nyingi za DDR4 huwaka kwanza kwa kasi ya msingi ya 2133 au 2400, na kasi iliyoandikwa kwenye boksi hupatikana tu baada ya mwenye mashine kuingia katika BIOS na kuwasha mpangilio uitwao XMP, au EXPO kwa RAM za DDR5 zilizotengenezwa kwa kuzingatia prosesa za AMD.

Mpangilio huo huo ndio chanzo cha hitilafu nyingi. Kwa DDR4, XMP kwa kawaida hupandisha volti hadi 1.35 na kuitaka prosesa ifanye kazi kwa kasi iliyo juu ya ile ya msingi. Baadhi ya prosesa na baadhi ya bao mama haziimudu. Hali huwa mbaya zaidi pale mafungu mawili yaliyonunuliwa kwa nyakati tofauti yanapowekwa pamoja. Jina ni lile lile, namba ni ile ile, lakini mtengenezaji anaweza kubadili chipu zilizomo ndani bila kubadili jina la nje. Watengenezaji hupima pamoja vipande vilivyomo katika boksi moja. Hawaahidi kwamba boksi mbili zitaelewana. Aidha, vipande vinne huielemea prosesa kuliko viwili, na jambo hili huonekana zaidi katika DDR5. Kwa mwenye kuhitaji gigabaiti 32, ni afadhali kusubiri na kununua boksi moja yenye vipande viwili vya 16 kuliko kuokoteza vinne vya 8.

Kupima kwa utaratibu

Kabla ya yote, hifadhi nakala ya mafaili yako muhimu mahali pengine, kwa kuwa RAM mbovu huweza kuharibu hata kile kinachoandikwa kwenye diski. Kisha bandika utepe kwenye kila kipande na uandike A, B na kuendelea. Hatua hii ni ya kitoto, na ndiyo inayorukwa zaidi. Saa tatu baadaye mtu hakumbuki tena alichopima.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki utoke, na ugusе chuma kitupu cha kasha kabla ya kushika chochote. Toa vipande, vifute pini zake kwa kitambaa laini kikavu, uvirudishe kwa kusukuma hadi kishikizo kijifunge. Katika bao mama nyingi zenye sloti nne, kipande kimoja huwekwa katika sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, na viwili huwekwa katika ya pili na ya nne. Kitabu cha ubao mama chako ndicho chenye kauli ya mwisho. Mwenye DDR5 asiogope kioo kikikaa cheusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza, kwani mashine hutumia muda huo kujifunza RAM mpya. Wapo waliokwisha kuirudisha dukani RAM nzima kwa sababu hiyo tu.

Sasa ingia katika BIOS na urudishe mipangilio yote ya kiwandani, XMP ikiwa imezimwa. Kipimo chochote kilichofanywa XMP ikiwa imewashwa hakithibitishi ubovu wa RAM. Kinathibitisha tu kwamba kasi hiyo haimudiwi katika mashine hiyo. Toleo jipya la BIOS mara nyingi huongeza upatanifu wa RAM, lakini usilisakinishe siku ambayo umeme unakwenda na kurudi. Ukikatika katikati ya kazi hiyo, huenda ukawa umepoteza ubao mama.

Programu ya kupimia iliyo rahisi kupatikana ni Memtest86+, isiyo na malipo, ambayo huandikwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya mfumo endeshi. Windows nayo ina kipimo chake, kinachofunguliwa kwa kuandika mdsched, ila ni chepesi zaidi. Kikikuta kosa kiamini, kisipokuta usitosheke. Iache Memtest86+ ikamilishe angalau mizunguko minne, na ni vema ikalala ikifanya kazi. Katika mipangilio ya kiwandani, kosa moja ni kosa tosha. Hakuna idadi ndogo ya makosa inayovumilika.

Makosa yakionekana, ndipo kazi ya kutenganisha inapoanza. Pima kipande A peke yake, kisha B peke yake katika sloti ile ile. Kosa likimfuata A popote anapowekwa na B akawa safi, A ni mbovu, na hakuna fundi wa kukubishia. Kosa likijitokeza kwa kila kipande katika sloti moja tu, shaka inahamia kwenye sloti hiyo, au kwenye pini za mahali prosesa inapokaa. Kila kipande kikitoa makosa katika kila sloti, ni nadra mno vyote viwe vimekufa pamoja. Chunguza prosesa, ubao mama au pawasaplai. Na iwapo kila kimoja kinapita vizuri kikiwa peke yake lakini vikiwekwa pamoja vinakosea, basi unaelekea kuwa na RAM zisizopatana.

Vyote vikipita, washa XMP na upime tena. Makosa yakianza hapo, shusha kasi hatua moja, mathalani kutoka 3600 hadi 3200. Tofauti katika mchezo huenda usiione kwa macho, na mashine iliyotulia ina thamani kuliko namba.

Unachopeleka dukani

Piga picha ya skrini ya kipimo ikionyesha makosa, na picha ya lebo ya kipande ikionyesha namba ya utambulisho. Andika tarehe, sloti na mipangilio iliyotumika. Chukua risiti ya EFD na boksi. Usibandue lebo wala bati la kupozea, kwani kufanya hivyo huweza kukufutia dhamana. Kama vipande vilinunuliwa vikiwa katika boksi moja, virudishe vyote, hata kama kibovu ni kimoja. Ukipewa kimoja kipya cha namna nyingine, utakuwa umebadilishiwa ubovu kwa kutopatana.

Ongea kwa upole na kwa ushahidi: «Kaka, RAM hii niliinunua kwako tarehe iliyo kwenye risiti. Nimeipima peke yake, mipangilio ikiwa ya kiwandani, na picha ni hizi. Tunaweza kuipima tena hapa pamoja.» Muuzaji mwaminifu atakubali, maana naye ana msambazaji wa kumdai.

Tangazo la «mali ikishauzwa hairudishwi» lisikukatishe tamaa. Huenda likamfaa muuzaji dhidi ya mteja aliyebadili mawazo. Halipaswi kuchukuliwa kuwa jibu la mwisho kwa kitu kibovu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua sharti kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaostahili kuuzika. Inatambua pia kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kutegemea ujuzi wake, bidhaa hiyo iyafae matumizi hayo. Kwa sababu hiyo, unapokwenda kununua taja jina kamili la ubao mama wako, ikiwezekana kwa ujumbe wa simu, na uuhifadhi ujumbe pamoja na jibu. Muuzaji aliyejibu «itakubali» amebeba sehemu ya lawama ikikataa. Ukichagua mwenyewe kwa kuangalia bei tu, dai lako la kutopatana litakuwa dhaifu, na ni haki kulisema hilo wazi.

Muuzaji aliyekupa RAM ya seva akiiita ya kompyuta ya mezani, au RAM ya kasi ya chini yenye lebo iliyobandikwa upya, yuko katika kosa la namna nyingine: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Akikataa kukusikiliza, andika malalamiko yako na uyapeleke Tume ya Ushindani pamoja na nakala ya risiti, picha za kipimo na ujumbe mlioandikiana. RAM yenyewe baki nayo, ikiwa na utepe wake wenye herufi A.