Siku moja kando ya Kivu, pamoja na watoto na mbwa

Wengi wetu hapa Mabanga tunalijua ziwa Kivu kwa uzito wake. Tunalijua kwa bidoni ya litri 20, siku bomba linapokauka. Tunalijua kwa sambaza tunazopima sokoni, na kwa habari za mitumbwi iliyozama. Lakini kwenda ziwani bila bidoni na bila biashara, kutembea ufuoni na kuangalia tu, ni wangapi kati yetu wamefanya hivyo na watoto wao?

Darasani nafundisha watoto kwamba inchi yetu ina bahari kule Muanda. Wanaandika jina hilo vizuri, ingawa wengi hawatafika kule karibuni. Ziwa lao lenyewe liko umbali wa saa moja kwa miguu, na ukiwauliza ndege gani anaishi pale, wananyamaza. Ukiwauliza hatari iko wapi, wanajibu "maji" tu. Ndiyo maana Jumamosi moja ya likizo kubwa tulifunga safari: wamama 5, watoto 9 wa kati ya miaka 4 na 13, na mbwa mmoja wa jirani anayeitwa Bobi. Watoto ndio walioomba Bobi aje. Mwishowe yeye ndiye aliyetufundisha somo kubwa kuliko yote.

Mawe yanayosimulia

Hatukutoka alfajiri. Tulingoja hadi saa mbili na nusu ili tufike jua likiwa limepanda, na sababu yake nitaieleza chini. Tulipita Katindo tukashuka kuelekea Himbi. Njiani watoto walihesabu kuta za mawe meusi mpaka wakachoka. Mmoja akauliza, "Madamu, kwa nini mawe yote ya Goma ni meusi?"

Jibu liko nyuma yetu kila siku. Nyiragongo, yenye urefu wa karibu metre 3.470, ndiyo iliyoyamwaga. Tarehe 17 Januari 2002 moto wake ulipita katikati ya mji mpaka ukaingia ziwani, na maji yakachemka pale ulipoingia. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama kwenye ukingo wa mji upande wa Buhene. Siku tano baadaye serkali iliamuru kartie 10 zihame, na Mabanga Kusini na Mabanga Kaskazini zilikuwa ndani ya orodha. Watoto wakubwa wanaikumbuka asubuhi ile ya kwenda Sake, magodoro kichwani. Sasa waliona kwamba kuta za nyumba zetu zimejengwa kwa moto uliopoa.

Tulipofika chini tulikuta ufuo mwingi umefungwa na kuta za parseli na hoteli. Msikate tamaa. Fuateni wenye bidoni. Njia wanazopita wachota maji ndizo mlango wa watu wote.

Ndege wasiohitaji pesa kuonwa

Kabla ya kuruhusu michezo nilimpa kila mtoto kazi moja: angalia kitu kimoja mpaka uweze kunieleza kinafanya nini. Kuja kuniambia "nimeona ndege" hakutoshi. Anafanya nini?

Wa kwanza kupatikana alikuwa mdiria, ndege mweupe mwenye madoa meusi na mdomo mrefu kama sindano. Anasimama hewani juu ya maji, mabawa yakipigapiga, kichwa kikiangalia chini bila kutikisika, halafu anaanguka kama jiwe na kutoka na samaki. Watoto walihesabu. Mara tano alizama, mara mbili alipata. Msichana wa miaka 11 akasema, "Basi hata yeye anakosa." Ndiyo, hata yeye anakosa, na anarudi tena juu.

Juu ya jiwe kulikuwa na mnandi, ndege mweusi, mabawa yamefunguliwa kama nguo zilizoanikwa. Ndivyo ilivyo kweli: manyoya yake huloa anapozamia samaki, kwa hiyo hana budi kujianika kabla ya kuruka vizuri. Kwenye matete minana wa manjano walikuwa wanasuka viota vinavyoning'inia juu ya maji, mahali ambapo nyoka hafiki kwa urahisi. Anayesuka ni dume, na jike huja kukagua. Asiporidhika na kazi, dume huanza upya. Wamama wote tulicheka hapo, kila mmoja kwa sababu yake. Juu kabisa mwewe walizunguka wakitafuta matumbo ya samaki yaliyotupwa.

Watoto walitaka mamba na kiboko. Niliwaambia Kivu haina hata mmoja, tofauti na Tanganyika. Lakini kuna fisi-maji, mnyama wa manyoya mwenye madoa shingoni, anayeogelea kama samaki na kula samaki. Sisi hatukumwona. Wavuvi humwona, na hawampendi sana kwa sababu ya nyavu zao.

Sambaza walitoka wapi?

Mbele yetu zilifungwa zile mashua za mitumbwi mitatu iliyoshikanishwa, zenye miti mirefu inayotoka mbele na nyuma kama pembe. Watoto walizipanda kwa macho tu, maana wenyewe walikuwa wamelala baada ya kazi ya usiku. Wanavua kwa taa: mwanga unakusanya wadudu wadogo wa majini, wadudu wanaita sambaza, na wavu unasubiri chini.

Wengi wetu tunafikiri sambaza ni wa Kivu tangu mababu. Hapana. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, nao ni jamaa ya ndakala. Kabla yao ziwa hili lilikuwa na aina chache tu za samaki, na sehemu yake ya wazi ya katikati haikuwa na samaki wa kuivua hivyo. Leo chakula cha nyumba nyingi za Goma, pamoja na kazi ya mama wengi wauzaji, kinatoka kwa wageni hao. Tulinunua za kukaangwa pale pale, tukala na viazi vitamu tulivyobeba.

Wakati wa kula mvulana wa miaka 13 aliuliza swali ambalo watu wazima hulikwepa: "Ni kweli ziwa linaweza kulipuka?" Mtoto akiuliza hivyo, msimtishe na msimdanganye. Kivu ina kina cha karibu metre 485. Chini sana, kupita metre 250 hivi, kumeyeyuka gesi nyingi mno, na uzito wa maji ya juu unaizuia kama kifuniko cha chupa ya sukre. Ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana kuliko hili, lilitoa gesi yake usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 na watu karibu 1.700 wakafa. Kwa sababu hiyo wataalamu wanapima Kivu, na upande wa Rwanda, Karongi, kuna mtambo unaovuta metani kutoka chini na kutengeneza umeme. Gesi hiyo ya chini si ya kumnyima mtoto usingizi. Iliyo karibu naye ni nyingine, na Bobi ndiye aliyetupeleka kwake.

Shimo la Bobi

Mchana tulitembea polepole kuelekea upande wa Kyeshero. Kati ya mawe kulikuwa na bonde dogo lenye majani mabichi, kina chake hakifiki kiuno changu. Bobi alinusa kitu, akavuta kamba kuelekea chini. Mtoto wa miaka 4 alikuwa nyuma yake tu, mkono wake juu ya mgongo wa mbwa.

Mama mmoja aliyekuwa anafua nguo alisimama akapiga kelele: "Mama, shika iyo imbwa! Mu iyo shimo muko mazuku!"

Tulivuta kamba, tukambeba mtoto. Tulipochungulia kutoka juu tuliona mjusi amekufa chini, na nzi wengi wamelala kimya. Hakukuwa na harufu wala moshi. Mimi niliyesimama pale pembeni sikusikia chochote. Yule mama alituambia, "Mbuzi yangu ilikufia mule mwaka jana. Asubuhi tuliikuta imelala tu, kama iko na usingizi."

Mazuku ni gesi ya kaboni, ile ile inayotoa povu katika sukre, inayotoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatuama katika mashimo kama maji katika beseni. Usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo wala jua, beseni linajaa. Jua na upepo huipunguza, na ndiyo sababu hatukuondoka mapema. Lakini katika shimo lenye kina inaweza kubaki hata mchana. Haina rangi wala harufu ya kukuonya. Ikiwa nyingi, pumzi chache zinatosha kumwangusha mtu.

Baadaye, mahali salama, niliwaonyesha watoto jambo moja. Nilimsimamisha Bobi, nikamwomba yule mdogo achuchumae karibu naye kama anayeokota jiwe. Pua ya mtoto na pua ya mbwa zilikuwa sawasawa. Halafu nikasimama mimi. Pua yangu iko juu zaidi ya metre moja kuliko zao. Mama anaweza kusimama ukingoni akiongea na jirani, anapumua vizuri, huku mtoto wake miguuni pake anapumua gesi. Tangu hapo hakuna aliyehitaji maelezo mengine.

Tukumbuke na tuwafundishe haya:

Usiingie katika shimo au bonde usilolijua, hasa alfajiri, jioni na siku isiyo na upepo. Ukiona mijusi, ndege au wadudu waliokufa mahali pamoja, rudi nyuma, panda juu. Waulize wanaoishi pale. Wanajua kila shimo. Palipo na kibao cha onyo, mtoto akisome kwa sauti mbele yenu.

Jambo gumu kuliko yote: mtu akianguka mle, usishuke kumchukua, hata akiwa mtoto wako. Anayeshuka huanguka juu yake, na wanakuwa wawili. Ita watu, tumia kamba au mti mrefu kumvuta kutoka juu, mpeleke penye upepo, kisha mbio kwenye kituo cha afya. Semeni jambo hili nyumbani kabla halijatokea, maana siku hiyo moyo wa mama hautangoja maelezo.

Mkimchukua mbwa

Mbwa ni mwenzi mzuri wa safari, lakini si wa kila mtu. Wako watoto wanaomwogopa, na ufuoni kuna chakula na nguo za watu. Bobi alikuwa kwenye kamba muda wote, na kamba hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Kabla ya yote awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kwa wakati wake. Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, hata kidonda kikiwa kidogo, osheni kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende kituo cha afya siku ile ile kuuliza chanjo. Msipake mafuta wala majani, msingoje kuona kama mbwa atakufa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikiwahi, inazuia.

Kwa vikundi vitakavyokwenda

Mtu mzima mmoja kwa watoto wawili anatosha. Zaidi ya hapo macho hayafiki. Bebeni maji ya kunywa yaliyochemshwa, kwa kuwa maji ya ziwa yanaweza kuwa na kolera hata yakionekana safi. Mawe ya lava hukata, kwa hiyo kila mtoto awe na viatu. Mahali pengi ufuo unashuka ghafula: hatua tatu maji ni ya magoti, ya nne hakuna chini. Asiyejua kuogelea abaki penye mguu wa mama. Rudini mapema, kwa maana mchana upepo huamka na mawimbi nayo.

Kila mtoto arudi na jambo moja aliloliona, alichore au aliandike. Katika mkutano wetu ujao leteni karatasi hizo tuzibandike ukutani. Na kila mama aje na jina la sehemu moja ya ufuo au ya kartie anayojua ina mazuku, ili tuandike orodha yetu wenyewe na kila nyumba ipate nakala.