Juisi ya Ndizi Inapogoma Kuchacha

Kileo chote kinachotiririka kwenye bomba la kanyanga, pombe kali ya kukenekwa, kilikuwamo ndani ya pipa kabla moto haujawashwa. Mtambo hauongezi hata tone moja. Kazi yake ni kukitenga kileo na maji, kwa sababu kileo huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na maji kwenye nyuzi 100. Mpishi mgeni anapopata chupa moja mahali alipotazamia tano hukimbilia kulaumu bomba, maji ya kupozea au kuni mbichi. Mara nyingi kosa lilitokea siku kadhaa nyuma, katika kuchachusha.

Kalembe, mashariki mwa Kongo (DRC), kwenye barabara ya Mweso kwenda Pinga, iko pale milima ya Masisi inapoanza kushuka kuelekea misitu ya Walikale. Ni nchi ya migomba, mahindi na muhogo, na pombe ya kawaida ni kasiksi, pombe ya ndizi inayonywewa Kivu yote. Ndizi zilizokomaa huvundikwa shimoni kwa siku kadhaa, humenywa, kisha hukamuliwa pamoja na majani makavu ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi. Juisi huchujwa, huongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa, na baada ya siku mbili tatu kasiksi iko tayari. Anayetaka kanyanga huiacha ichache hadi utamu uishe, ndipo aipeleke motoni.

Kinachofanya kazi humo ni hamira, kuvu wa chembe moja ambaye wanasayansi humwita Saccharomyces cerevisiae. Hamira hula sukari na kutoa kileo na gesi ya kaboni dayoksaidi karibu nusu kwa nusu: gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za kileo na gramu 88 za gesi. Kipimo cha haraka ni kwamba kila gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kileo.

Swali la kwanza ni kama kweli pombe imegoma. Povu si shahidi wa kuaminika. Bidoni, yaani dumu, ambayo kifuniko chake kinavuja hutoa gesi bila kububujika, na katika joto zuri kazi inaweza kuwa imekwisha usiku wakati mwenyewe amelala. Ulimi husema zaidi. Juisi iliyobaki tamu baada ya siku nne au tano huenda imekwama. Iliyokauka utamu na kuacha ukali kidogo imemaliza. Mwenye hidromita hana haja ya kubahatisha: chombo hicho huelea juu sana kwenye maji yenye sukari na huzama kadiri sukari inavyoliwa, na kikisoma 1.000 au chini yake, sukari karibu yote imekwenda.

Kama utamu upo na hakuna kinachoendelea, cha kutazamwa mapema ni baridi. Hamira hufurahia nyuzi 25 hadi 32. Chini ya 15 husinzia, na kwenye vilima vya Masisi, ambavyo vingine hupita mita 2,000 juu ya bahari, usiku hushuka huko bila shida. Mapishi yaleyale yanayokwisha kwa siku tatu mjini Walikale, bondeni kwenye joto, yanaweza kuchukua wiki nzima huku juu. Dawa ni kusogeza bidoni karibu na jiko na kuifunika blanketi, basi. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: hamira inayomwagwa kwenye juisi au uji wa moto uliozidi sana nyuzi 40 hufa, na aliyekufa hasubiriwi. Inabidi kupoza na kutia hamira mpya.

Kuna kisa kingine kinachowashangaza wengi, nacho ni usafi wa vyombo vipya. Mama aliyepika kasiksi miaka ishirini hatii hamira ya dukani hata siku moja, na pombe yake huchacha. Hamira yake inaishi kwenye nyufa za gogo la kukamulia, kwenye masalio ya pombe ya juzi, kwenye mikono na maganda. Anayeanza na bidoni mpya ya plastiki, akaikosha vizuri na kufuata mapishi ya mama huyo neno kwa neno, ameacha nje kiungo kikuu. Akiomba kikombe cha kasiksi iliyo katikati ya kuchacha na kukimimina ndani, mambo huanza siku hiyohiyo. Maji yaliyotiwa klorini nyingi kwa kuhofia kipindupindu nayo huipa hamira taabu; yakiachwa wazi usiku kucha, sehemu kubwa ya klorini hutoka.

Sukari ya dukani ina mitego yake. Kilo mbili katika lita 20 za maji ni gramu 100 kwa lita, yaani kileo kisichofika hata asilimia 6. Humo mna lita moja na ushei ya kileo tupu, na hakuna mtambo utakaotoa zaidi. Anayejibu kwa kutia kilo nane anajikwaa kwingine, maana sukari ikizidi hunyonya maji kutoka ndani ya chembe za hamira na kuzilemaza. Tena sukari nyeupe haina chochote zaidi ya sukari. Hamira inahitaji pia nitrojeni na madini ili izaane, na hiyo ndiyo sababu mojawapo unga wa mtama una thamani kwenye pipa: huleta protini na chumvichumvi ambazo sukari haina. Pipa la sukari tupu huanza kwa kishindo, hugeuka chachu kupita kiasi, kisha husimama nusu njia.

Muhogo na mahindi vina hadithi ndefu zaidi, na huko ndiko wageni wengi hupotelea. Chakula kilichomo ni wanga, na hamira haiuwezi wanga. Lazima wanga ukatwekatwe kuwa sukari kwanza, kazi inayofanywa na vimeng'enya vilivyomo kwenye kimea, yaani nafaka iliyolowekwa, ikachipua, ikaanikwa na kusagwa. Vimeng'enya hivyo hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 70, na huharibika vikipashwa zaidi ya 80. Lakini wanga wenyewe hauachii mpaka upikwe uwe uji. Basi mpangilio ndio kila kitu: uji hupikwa, huachwa upoe mpaka ufike kati ya nyuzi 60 na 70, kimea hukorogwa ndani, hufunikwa saa moja au mbili, na hamira hufuata baadaye kabisa, uji ukiwa vuguvugu. Anayetia kimea kwenye uji unaotokota ameua vimeng'enya. Anayekitia kwenye uji wa baridi amevilaza. Ishara ya mafanikio huonekana kwa macho, kwani uji mzito hulegea na kuwa mwepesi kama maji, na ulimi huonja utamu ambao haukuwepo. Kwa uhakika zaidi, tone la iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda, hudondoshwa kwenye kijiko cha uji uliopoa. Likigeuka buluu iliyokolea hadi weusi, wanga bado upo. Likibaki na kahawia yake, wanga umekwisha. Kijiko hicho humwagwa, hakirudishwi chunguni.

Ndizi nazo zinaweza kuwa mbovu toka shambani. Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria wa migomba, ugonjwa uliokuwa umejulikana Ethiopia tangu miaka ya 1960, ulionekana Masisi, na mwaka huohuo Uganda. Mkungu ulioambukizwa huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, na nyama ya ndizi huwa na mabaka ya kahawia. Ndizi hizo hazina sukari ya kutosha na hazikamuliki vizuri. Kuzichanganya na nzima ili zisipotee ni kuharibu pipa zima. Hata ndizi nzima zikitolewa shimoni mapema bado zimejaa wanga, na juisi haitoki.

Pipa likinuka siki au maziwa yaliyoganda, wenyeji wengine wamehamia. Mwaka 1856 mjini Lille, Ufaransa, mwenye kiwanda cha kutengeneza kileo kutokana na viazisukari alimwendea Louis Pasteur kwa shida hiyohiyo: mapipa yake mengine yalichacha vizuri na mengine yalichachuka yakawa hayafai. Kwa hadubini Pasteur aliona vidonge vya mviringo vya hamira kwenye mapipa mazuri, na vijiti vidogo sana kwenye yale mabaya. Vijiti hivyo ni bakteria wa asidi laktiki. Wachache kwenye kasiksi hawana neno, na uchachu wao ni sehemu ya ladha. Wakiwahi kuizidi hamira hula sukari na kuacha asidi. Bakteria wa siki ni wengine: wao hukigeuza kileo chenyewe kuwa asidi, na huhitaji hewa, ndiyo maana kasiksi iliyokaa wazi baada ya kumaliza haichelewi kuharibika.

Pombe ya namna hiyo haiokolewi kwa kuchemsha. Sukari kuongezwa juu yake haisaidii, na kuikoleza kwa kemikali za kununua ni hatari ya mauti: mjini Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Methanoli kidogo hutoka yenyewe kwenye ndizi, kwa sababu ya pektini yake, ile gundi ya asili ya matunda, na kumwaga matone ya kwanza hakuiondoi yote, maana huendelea kutoka pamoja na kileo. Bomba lililounganishwa kwa risasi, au rejeta kuukuu ya gari, huongeza sumu ambayo si rahisi kuitambua kwa pua wala kwa ulimi. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, sheria inaiweka kanyanga pamoja na dawa za kulevya.

Pipa la siki linaweza kuachwa liwe siki kamili ya kupikia, na machicha ya nafaka hupewa nguruwe, kidogokidogo, kwa kuwa yaliyobaki na kileo huwalevya.