Kumpima Mtuhumiwa kwa Lazima: Je, Kunamlinda Askari?

Katika jimbo la New South Wales, Australia, sheria ya mwaka 2021 inaruhusu mtuhumiwa kuamriwa atolewe damu ili apimwe virusi vya UKIMWI (VVU) na homa ya ini aina ya B na C, iwapo kwa makusudi amesababisha askari kuguswa na majimaji ya mwili wake, kama vile damu au mate. Nia ni kumwondolea askari hofu. Kitabibu, hata hivyo, jibu la kipimo hicho lina kinga ndogo.

Hatari hutofautiana. Mate yasiyo na damu hayaambukizi VVU. Kuchomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU asiyetumia dawa huambukiza takriban mara 3 katika ajali 1,000. Damu ikirukia jichoni au mdomoni, hatari huwa chini ya mara 1 katika 1,000. Homa ya ini B huambukiza kwa urahisi zaidi, lakini ina chanjo. Homa ya ini C haina chanjo, ila hupona kwa vidonge.

Mtuhumiwa aliyeambukizwa karibuni huwa katika kipindi cha matazamio: kipimo hakioni kitu, ilhali virusi vimo na vinaweza kuambukiza. Naye akikutwa na virusi, haimaanishi kwamba askari ameambukizwa. Zaidi ya hayo, amri huchukua muda, na dawa kinga dhidi ya VVU haisubiri.

Kwa hiyo askari aliyepatwa na ajali afanye yafuatayo:

1. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kulikamua. Jicho lisafishwe kwa maji safi mengi.
2. Afike kituo cha afya mara moja. Dawa kinga ikihitajika, ianzwe ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na itumiwe siku 28.
3. Apimwe siku hiyo, kisha arudie kwa ratiba atakayopewa.
4. Achanjwe homa ya ini B kama hajachanjwa.

Mtuhumiwa naye aelezwe na kuombwa ridhaa, na majibu yake yawe siri. Nchini Tanzania, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imejengwa juu ya upimaji wa hiari. Ulazima huruhusiwa katika mazingira machache, ikiwamo amri ya mahakama. Akikataa, matibabu ya askari yasicheleweshwe: yaanze kwa kuzingatia aina ya ajali yenyewe.