Wapiga Ala wa Maziwa Makuu (6): Ayub Ogada, kutoka Mombasa hadi njia za chini za London

Tangu sheria mpya ya kulinda mali ya ubunifu ilipotoka Kigali mwaka 2024, hapa Nyakiriba ubishi hauishi. Mwenye baa anauliza kwa nini alipie wimbo ambao tayari anao kwenye flashi. Kijana mwenye gitaa anauliza fedha yake itapitia mlango gani. Nimeombwa nilieleze jambo hilo, nami nitalieleza, lakini kwanza mniruhusu nivuke hadi Ziwa Viktoria. Inanga tulikwisha kuizungumzia, pamoja na wapigaji wake Kirusu na bintiye Sophie Nzayisenga. Leo ni zamu ya nyatiti, ala ya Wajaluo.

Ayub Ogada, ambaye wakati huo aliitwa Job Seda, alizaliwa Mombasa mwaka 1956, wazazi wakiwa Wajaluo na wanamuziki. Alikuwa bado mdogo walipokwenda naye Marekani, na huko waliwapigia wanafunzi wa vyuo muziki wa kwao. Miaka ya 1970 alikuwa Nairobi katika bendi ya Black Savage, na mwaka 1979 akawa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band, bendi iliyolelewa na nyumba ya sanaa ya Alan Donovan na Joseph Murumbi, yule aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya.

Hapo nyatiti ilikaa bega kwa bega na gitaa la umeme. Asiyeijua asidhani ni inanga yenye jina jingine. Inanga yetu ni ubao uliochongwa kama sinia refu, na uzi mmoja mrefu hupitishwa huku na huko juu yake. Nyatiti ina tumbo la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili inayoinuka na nyuzi nane, zamani za kano za ng'ombe, siku hizi za nailoni ya wavuvi. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala imelala ubavuni mwake. Kidole gumba cha mguu kimevishwa pete ya chuma, oduong'o, anayogongea ubao wa ala, na mguuni amefunga njuga, gara. Basi mtu mmoja ni mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa pamoja. Wazee wa Kijaluo husema nyuzi nne ni siku nne za mtoto wa kiume baada ya kuzaliwa, na nne ni siku zake baada ya kuzikwa. Ilikuwa ala ya wanaume. Mwanamke aliyevuma kwa kuipiga alitoka Japani: Eriko Mukoyama, anayejulikana kwa jina la Anyango, aliyekwenda kukaa kijijini Siaya kwa mwalimu mzee hadi akafuzu. Na sisi tunaokaa mwendo mfupi tu kutoka Nyundo, ambako shule ya muziki ilianza mwaka 2014 kabla ya kuhamia Muhanga, ni wazazi wangapi waliomtuma mtoto kwa mpiga inanga?

Narudi kwa Seda. Mwaka 1985 uso wake ulionekana dunia nzima. Katika filamu Out of Africa aliigiza Kanuthia, mbeba bunduki wa mwindaji aliyeigizwa na Robert Redford. Filamu hiyo ilitwaa tuzo saba za Oscar. Lakini nani aliyetoka sinema akilitaja jina la Kanuthia? Vijana wetu wanaokimbilia kamera waitazame tena filamu hiyo wakimfuata yeye peke yake kwa macho. Kazi yake ni kusimama nyuma ya Mzungu.

Mwaka uliofuata alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akawa akiwapigia wapita njia katika vituo vya treni za chini ya ardhi London, kofia ikisubiri sarafu. Kutoka huko akaitwa na tamasha la WOMAD, na mwaka 1993 kampuni ya Peter Gabriel, Real World, ikatoa albamu yake En Mana Kuoyo, sasa kwa jina la Ayub Ogada. Ndani yake mlikuwa na "Kothbiro", wimbo wa mvua inayokuja, ambao Black Savage waliurekodi tangu miaka ya 1970. Mwaka 2005 ukasikika katika filamu The Constant Gardener. Mara hii sinema ndiyo iliyomfuata yeye.

Sasa lile la baa na flashi, kwa ufupi. Mwaka 2018 Kanye West alitoa "Yikes", na chini yake mna kipande cha ile "Kothbiro" ya Black Savage. Kati ya watunzi wanaotajwa rasmi wamo Ayub Ogada na mwenzake James Mbarack Achieng. Ogada alifariki Februari 2019, lakini jina lake limebaki limeandikwa. Kwa mwenye baa jibu ni hili: kununua wimbo ni kununua ruhusa ya kuusikiliza. Kuwapigia wateja wimbo huo ni haki nyingine, na mtunzi na mwenye rekodi kila mmoja ana fungu lake. Kwa hiyo kijana anayerekodi Gisenyi asitoke studio na faili kwenye simu peke yake. Aandike karatasi moja: nani katunga maneno, nani katunga sauti, nani kalipia rekodi, kila mmoja na fungu lake kwa asilimia, na wote watie sahihi siku hiyo hiyo.