Adui Aliye Kiooni

Katika mambo yaliyoingia majumbani mwetu zama hizi, ni machache yaliyoshika macho ya vijana kama michezo ya vita ya kompyuta. Mzazi hupita nyuma ya mwanawe, akaona mtutu wa bunduki kiooni, akasema: "Ni mchezo tu," akaenda zake. Basi leo twapenda kuueleza mchezo mmoja wa aina hiyo, ambao wenyewe hawakuwa wafanya biashara, bali ni jeshi.

Mchezo huo waitwa America's Army. Jeshi la nchi kavu la Marekani liliutoa tarehe 4 Julai 2002, sikukuu ya uhuru wa nchi hiyo, likaugawa bure. Aliyeleta fikra hiyo ni Kanali Casey Wardynski, bingwa wa elimu ya uchumi katika chuo cha maofisa cha West Point. Makusudio hayakufichwa: kuwavuta vijana waandikishwe uaskari. Mchezo uliruhusiwa kwa wenye miaka 13 na zaidi, na sheria ya Marekani yamruhusu kijana wa miaka 17 kuandikishwa kwa idhini ya wazazi wake. Basi mlango ulifunguliwa miaka minne kabla ya safari.

Insafu yatulazimu tutaje na mazuri yake. Mchezaji huwa mmoja katika kikosi, huona kwa macho ya askari, wala hafiki mbali kwa kukimbia peke yake. Kwanza hupitishwa mafunzo ya kulenga shabaha na kuruka vizuizi. Na atakaye kuwa tabibu wa kikosi hukaa akasikiliza darsa, kisha akafanya mtihani. Ampigaye mwenziwe hupunguziwa heshima, na ampigaye mwalimu wake hujikuta katika chumba cha gereza la Fort Leavenworth. Utii na subira ni mambo mema popote yalipo.

Lakini ndani yake mna hila moja. Vikosi viwili vya watu walio hai vikipambana, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, kila mchezaji hujiona yeye na wenziwe ndio askari wa Marekani, na huwaona wale wengine kuwa ndio maadui. Na wale nao, saa ile ile, wajiona vivyo hivyo. Hapana hata mmoja ajionaye kuwa yeye ndiye adui!

Je, hii siyo ghururi ya nafsi ya binadamu? Katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusimamishe uadilifu hata juu ya nafsi zetu wenyewe. Kiooni amri hiyo haina pa kukaa, kwani mashine imekwisha kumhukumu mtu kabla hatujamtazama.

Tena kiooni aliyekufa huinuka mchezo ukianza upya. Katika vita vya Iraq, vilivyoanza Machi 2003, hakuinuka mtu. Mwaka 2006 msanii wa Kimarekani, Joseph DeLappe, aliingia mchezoni, akaweka silaha chini, akawa anaandika majina ya askari wa nchi yake waliokufa Iraq, jina baada ya jina. Wachezaji wakimwua, naye akirudi na kuendelea. Nao raia wa Iraq waliouawa, nani aliyewaandika humo?

Mchezo huo ulifungwa Mei 2022, lakini ndugu zake ni wengi, na wanetu wanaucheza mmoja au mwingine.

Enyi wazazi, hatusemi mvunje kompyuta. Twasema: kaeni na wana wenu, muwaulize mambo matatu. Nani aliyeutunga mchezo huu? Anataka nini kwako? Na yule unayempiga, yeye anakuonaje wewe? Nanyi vijana, wakati wa Sala ukifika, inukeni. Askari wa kiooni watangoja. Jizoezeni kumtazama mtu kabla ya kumpa jina la adui.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki, atuwezeshe kuifuata. Amin.